Paa la Upande wa Kusi

Konde, Pemba
12 Jumada Thani 1380 (1 Desemba 1960)

Kwa mwanangu Mbarouk bin Kificho, aliyeko Tanga, Mola amkinge na kila lenye madhara.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi mzazi wako ni mzima kwa kadiri ya umri wangu, na kwa kilichobakia namshukuru Mungu. Mama yako anakusalimu. Kifua chake ni kile kile: asubuhi humwachia, alasiri humbana. Daktari wa Wete alimpa dawa, akamwambia akae mahali pakavu penye hewa baridi. Mama yako akamjibu kwamba chumba chake cha kati kina baridi kuliko nyumba ya daktari mwenyewe, nalo ni kweli, kwani nyumba ya daktari ina mabati.

Ninaandika kukujulisha habari ya paa. Makuti yaliyo juu yetu yaliezekwa mwaka uliosafiri wewe, na sasa mtu akisimama ukumbini adhuhuri huona vitone vya jua vimetapakaa sakafuni. Kuti lililooza halipozi tena nyumba. Mchana hupitisha joto, na mvua ikija hupitisha maji. Kwa hiyo nimeazimia, inshallah, kuezua na kuezeka upya ndani ya Shaabani, kabla ya mwezi mtukufu na kabla ya masika. Bi Mize, mke wa Jaribu, pamoja na wanawake wenziwe, wameshaanza kushona makuti uani kwetu. Wanashona huku wanasengenya, na Mungu awasamehe la pili kwa ajili ya la kwanza.

Desturi ya mtaa wetu hukuisahau. Watu wa mtaa wa chini, walio nyuma ya Nyange, huezeka upande wa kibla. Watu wa mtaa wa juu, walio nyuma ya Jaribu, huezeka upande wa kusi. Huku wanaimba na kurushiana maneno mpaka wakutane juu, kwenye mgongo wa nyumba, na watakaotangulia kufika huwacheka wenzao hadi paa jingine. Babu yako alikuwa akisema kwamba mtu wa mtaa wa chini akitia mkono upande wa kusi, amemwambia mwenziwe kuwa amekufa.

Bwana wako akiridhia, njoo ushike japo kamba moja. Sihitaji zaidi ya hilo.

Wasalaam,
Baba yako,
Kificho bin Pandu


Tanga
27 Desemba 1960

Kwa baba yangu mpenzi, Mwalimu Kificho bin Pandu.

Assalamu alaykum. Nashika miguu yako, baba, na ya mama. Mimi sijambo, wala sina ninalohofia ila hali yenu. Je, kifua cha mama? Je, wewe macho? Watoto wa chuo chako cha Kurani bado wanakuchosha?

Barua yako imenifikia salama. Nilikwenda kumwomba bwana ruhusa ya Shaabani, naye hakukataa wala hakukubali, kwa maana hapa nyumbani kwake nako kuna msiba wa ubaridi. Nilikwambia zamani kwamba kwenye dirisha la chumba chao cha kulala pana mashine ya baridi. Ni sanduku la chuma, ukubwa wake kama kasha la majani ya chai, linavuta joto la ndani na kulitupa nje. Basi majuzi lilinguruma kama paka aliyekanyagwa mkia, likatoa maji, likanyamaza. Fundi wa Kihindi alikuja, akalifungua, akatikisa kichwa. Kasema kulitengeneza ni sawa na kununua jipya, na jipya litoke Mombasa kwa shilingi elfu mbili na mia nne. Baba, huo ni mshahara wangu wa miezi ishirini, na hapo nisile.

Bibi kasema bila mashine halali. Bwana kasema wazazi wake walilala bila mashine. Wanagombana kwa Kiingereza, nami nimesimama na sinia la chai nimejifanya kiziwi. Mpaka jipya litakapofika siwezi kuondoka, kwani ni mimi ninayemwagia maji mapazia mchana kutwa ili chumba kipate unyevu.

Lakini nimefikiri jambo. Kwa nini kila baada ya miaka michache uanze upya kuwaomba watu? Mabati yakishapigiliwa yatakaa mpaka zamani za wajukuu wako. Niletee kipimo cha paa tu, mengine niachie. Utakuwa huru, hutahitaji kumwambia mtu ahsante.

Mwanao akupendaye,
Mbarouk


Konde
20 Rajabu 1380 (8 Januari 1961)

Kwa mwanangu Mbarouk, Mungu ampe afya na subira ya watumishi.

Wa alaykum salaam warahmatullah. Sisi huku wazima. Macho yangu yanatosha kwa Msahafu wa herufi kubwa, na kwa ile midogo ya watoto nategemea masikio. Mtoto akikosea nasikia hata akiwa nyuma ya mwenziwe.

Nimemsomea mama yako habari ya mashine. Alicheka mpaka kifua kikamkumbusha. Kisha akauliza, "Hilo joto wanalolitupa nje, linamwangukia nani?" Ukijua jibu, tuandikie.

Umesema nitakuwa huru, nisihitaji kumwambia mtu ahsante. Nimelitafakari neno hilo siku kadhaa. Nia yako ni njema na thawabu yake umeshaandikiwa. Lakini mwanangu, chini ya mabati mama yako hatalala. Umewahi kuingia duka la Konde saa ya alasiri, ukaona wenye duka wanavyotoka kuketi nje? Na mvua ikipiga juu ya bati, nitawasomeshaje watoto ukumbini? Tena kuna jambo jingine. Nyumba iliyoezekwa na watu, watu huitazama. Kuti likiinuliwa na upepo, mpita njia husema, "Mwalimu, kuti langu hilo, kesho nitakuja." Bati hakuna aliyelifunga.

Konde ya leo si ile uliyoiacha. Kura zinapigwa katikati ya mwezi huu, na kila kitu kina chama. Duka la chumvi lina chama. Gari la abiria la kwenda Wete lina chama. Juzi mwanamke aliteremshwa njiani na kikapu chake kwa sababu ya jibu alilolitoa. Harusi zinahudhuriwa nusu. Mimi sina kadi wala siitaki. Watoto wa pande zote mbili wanasoma kwangu jamvi moja na wanachapwa kwa fimbo moja, na wazazi wao hawajalalamika, si kwa jamvi wala kwa fimbo.

Hata hivyo msikiti ni nyumba ya Mungu. Nitatangaza kazi Ijumaa ya kwanza ya Shaabani, baada ya sala, watu wote wasikie pamoja, asiwepo wa kusema fulani aliitwa kabla yangu. Jaribu simwoni safu ya mbele siku hizi. Nadhani mguu wake unamsumbua.

Baba yako,
Kificho


Konde
15 Shaabani 1380 (2 Februari 1961)

Kwa mwanangu Mbarouk.

Assalamu alaykum. Sisi wazima, na mama yako anakusalimu.

Alhamisi iliyopita paa liliezuliwa lote asubuhi, kwa kuwa kazi hiyo ni ya siku moja na haigawanywi. Nyange alikuja na watu wake. Waliezeka upande wa kibla vizuri sana, ukamalizika kabla ya alasiri. Watu wa mtaa wa juu hawakuja, hata mmoja. Tuliwangoja.

Niliwaomba Nyange na wenziwe wavuke mgongo, nikawaambia kwamba kuna mgonjwa ndani. Nyange alinijibu kwa adabu, "Mwalim, upande ule una wenyewe. Nikiutia mkono leo, kesho watasema tumewanyang'anya na paa." Wakala wali, wakanawa, wakaniaga.

Nilimtafuta mtu wa ujira kutoka Shumba. Alifika, akapanda, akatazama nusu iliyoezekwa na nusu iliyo wazi, akauliza, "Hii ya nani?" Nilipomweleza aliteremka, akanirudishia fedha yangu.

Kwa sasa kitanda cha mama yako tumekisogeza upande wa kibla, na mahali palipo wazi nimetandika majamvi juu ya fito. Jua linapita. Mungu ndiye mjuzi.

Baba yako,
Kificho


Tanga
14 Februari 1961

Kwa baba yangu.

Assalamu alaykum na miguu yenu naishika. Ramadhani njema kwenu, inshallah, nanyi muifunge kwa afya.

Baba, nilipoisoma barua yako nilikuwa nimeshika sahani ya bwana na nusura niivunje. Sikungoja kipimo. Nimekopa mshahara mbele, nimenunua mabati kumi na sita na misumari, nimeyapakia kwa Hija, yule mchukuzi wa Wete anayesafiri huku na huko. Atayafikisha mpaka mlangoni. Mafundi ni watu wawili tu na siku moja, na hapana haja ya kuimba. Yapigilieni upande wa kusi, basi. Nyumba iwe na kofia ya rangi mbili, si neno. Mama apate kufunikwa.

Mashine mpya imekuja. Imewekwa dirishani na sasa ukiingia chumbani kwao meno yanagongana. Lakini kuna jambo la ajabu nitakalokueleza. Ili ifanye kazi, sharti kila dirisha lifungwe na kila upenyo uzibwe. Zamani bwana alikuwa akikaa dirishani jioni, anaitana na jirani yake ng'ambo ya ua, wanataniana habari ya mipira. Sasa jirani naye amenunua yake. Madirisha yamefungwa pande zote mbili, na wakitaka kusemezana huandikiana barua fupi, nami ndiye ninayezipeleka.

Mwambie mama kwamba joto linalotupwa nje linaangukia jikoni. Mimi ndiye ninayelipokea.

Bwana kanisikia nikieleza shida yetu, akauliza, "Kwenu kubadilisha paa la kupoza nyumba kunagharimu kiasi gani?" Nikasema nitakuuliza. Niambie nimjibu nini.

Mwanao,
Mbarouk


Konde
12 Ramadhani 1380 (28 Februari 1961)

Kwa mwanangu Mbarouk, Mungu amkubalie saumu yake.

Wa alaykum salaam. Tunafunga na tunafuturu, alhamdulillahi. Mama yako nimemkataza kufunga kwa ajili ya kifua. Hakupendezwa, ila ametii.

Mabati yamefika kumi na sita kamili. Nimeyaegemeza ukuta wa nje. Sijayapigilia. Usikasirike kabla ya kumaliza kusoma.

Siku yalipofika, Bi Mize alikuwa uani anayageuza makuti aliyoyashona, yasivunde. Mama yako alikuwa amelala, mlango u wazi, akaniita.

"Kwani Jaribu ulimwalika wapi?"

"Msikitini," nikamwambia, "mbele ya watu wote."

"Na Jaribu alikuwapo?"

"Aliyehudhuria humfikishia asiyehudhuria. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Hayo ni ya mafundisho, Mwalim. Miye nauliza ya paa."

Bi Mize akasema bila ya kuinua kichwa, "Jaribu tangu zianze habari za kura hizi hasali huko. Wanasali msikiti mdogo wa juu, yeye na wenziwe wote. Mguu wake mzima kama wa punda. Kisu cha kuezekea kakinoa tangu Rajabu, kakitundika, akangoja. Kila siku nikirudi kutoka hapa huniuliza, 'Mwalim kasemaje?' Namwambia hajasema. Siku ya kazi alisikia nyimbo za kina Nyange kutoka kwake. Akafunga mlango."

"Kwa nini hukunambia?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuja kushona, Mwalim. Kualika si kazi ya mshonaji."

Basi sasa unaijua habari kama ninavyoijua. Nilidhani msikiti ni mahali pa watu wote, nami nikauita mtaa mzima mahali ambapo nusu yake haikuwapo. Kwao imekuwa kama nimetangaza mbele ya wenzangu kwamba wao si katika watu wangu.

Utauliza, kwa nini basi siendi kubisha hodi kwa Jaribu? Nitakueleza. Siku hizi anayebisha hodi mlango hata mlango ni mtu wa kadi. Ana daftari kwapani na ahadi mdomoni. Nimekaa miaka hii yote bila ya mtu kuweza kusema, "Mwalimu Kificho ameonekana kwa kina fulani." Nikionekana mtaa wa juu leo, kesho mtaa wa chini watanihesabu, na jamvi langu litapasuka katikati. Nikikaa kimya, huenda Jaribu akakumbuka yeye mwenyewe kwamba nilimfundisha.

Kuhusu swali la bwana wako, bado sijui bei. Nikiijua nitakuandikia.

Baba yako,
Kificho


Tanga
25 Machi 1961

Kwa baba yangu mheshimiwa.

Assalamu alaykum, na mkono wa Idi, Mungu aturudishie kwa heri. Mama hajambo? Tangu barua ya Ramadhani sijapata neno.

Nimeonana na Hija. Kaniambia kwamba mvua ya kwanza imeshanyesha siku ya pili ya Idi. Kaniambia mabati yako palepale ukutani na kuku wanataga chini yake. Kaniambia alimwona mama ameketi kitandani, kajiegemeza, hawezi kulala kwa kukohoa, na jamvi la upande ule wa wazi limejaa maji, limetuna kama tumbo la ng'ombe. Hija si mtu wa kutia chumvi.

Baba, sikuwahi kukujibu kwa ukali tangu nilipojua kusema. Lakini mama analala chini ya nusu ya paa, na nusu nyingine ni heshima yako. Heshima haizuii mvua.

Ama yapigilie mabati, ama umwendee Jaribu, ama umpeleke mama hospitali Wete. Ukishindwa yote matatu nitaacha kazi nije mwenyewe, na deni la watu litanifuata huko huko.

Nisamehe. Nimeiandika barua hii mara mbili, na mara zote mbili imetoka hivi.

Mwanao,
Mbarouk


Konde
28 Shawwal 1380 (14 Aprili 1961)

Kwa mwanangu Mbarouk, Mungu amridhie kama ninavyomridhia mimi.

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi ni wazima, nami nakuomba uisome barua hii taratibu, kwani imechelewa kwa sababu na ninataka kila sababu ikae mahali pake.

Barua yako ilipofika nilimsomea mama yako. Niliisoma yote, ila mstari mmoja niliupita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa nisomee na huo ulioruka." Nikausoma, ule wa heshima na mvua. Akasema, "Kaandika vizuri. Nani kamfundisha?" Nikavaa kanzu, nikatoka.

Mvua ilikuwa nyepesi. Nilipita mtaa wa chini kwanza, kwa makusudi, mchana, watu wakiwa barazani, ili asiwepo wa kusema nimenyemelea. Nyange aliniuliza, "Mwalim, na mvua hii, wapi?" Nikamwambia, "Kwa Jaribu."

Nilibisha hodi. Jaribu anaijua sauti yangu, kwani alifu na be alizipata kwa sauti hiyo, lakini aliuliza, "Nani?"

"Kificho."

"Kificho wa chama gani?"

Waliokuwa ndani wakacheka. Nikasema, "Kificho wa paa bovu."

Akafungua, akasimama kizingitini. "Mbona paa unalo, Mwalim? Limeegemea ukutani, linang'aa kama meno ya bwana harusi. Mwenye mabati anatafuta nini kwa watu wa makuti?"

"Mabati ni ya mwanangu. Makuti ni ya mkeo. Kazi ni yako."

"Yangu? Mbona ulipoita uliwaita wenzio? Msikiti mzima ulisikia, wallahi, sisi tukasikia nyimbo. Hukuona kama hatumo?"

Nilikuwa na majibu mengi, Mbarouk, na mengine yalikuwa na dalili. Nilisema, "Sikutazama."

Alinitazama nilivyorowa. Nikamwambia, "Leo nimekuja mwenyewe kukualika wewe na watu wako, upande wa kusi, siku mtakayoipenda. Mke wangu, Bi Kazija, hapati usingizi." Akasema, "Nimesikia, Mwalim." Hakusema atakuja wala hakusema hatakuja, nami nikarudi.

Siku mbili zikapita bila ya neno. Ya tatu mvua ilipumzika, na nilipotoka kusali alfajiri nilimkuta Jaribu uani anachagua makuti, yaliyovunda anatupa huku, mazima huku. Watu wake walikuwa wameshapanda. Hawakunisalimia kwa sauti, waliinua mikono tu. Wakaanza kufunga, kimya kabisa, kwa maana wimbo wa kuezeka ni wa pande mbili na upande wa pili haukuwapo. Ilisikika kamba tu ikikazwa.

Mama yako hakustahimili. Alipaza sauti kutoka kitandani, kifua hicho hicho, "Jaribu! Unaezeka au unaiba? Mbona kimya kama mnazika?"

Mtu mmoja akacheka juu. Kisha Jaribu akatoa ubeti wa zamani, ule wa kuwasema watu wa mtaa wa chini kwamba huezeka wamelala na makuti yao huelekea chini juu. Unaukumbuka, si wa kuandikwa. Wenziwe wakaupokea. Waliuimba mara ya kwanza, ukapita bila ya jibu. Wakauimba mara ya pili, kwa nguvu, kuelekea bondeni. Mtaa wa chini wote ulisikia.

Mara ya tatu haikumalizika. Nyange alitokea njiani bila ya kofia, uso umeiva. "Nani anaezeka amelala?" akasema. "Nani? Tazama upande wetu, umevuja tone?" Jaribu akamjibu kutoka juu, "Sijui, yakhe, sijauona. Nimeshughulika na upande wenye kazi." Nyange akapanda upande wa kibla ili amwonyeshe.

Ikasadifu kwamba walikuwa wamefika mgongoni. Nawe unajua kuwa mgongo wa nyumba haushonwi na upande mmoja. Aliye kusi huipenyeza kamba, aliye kibla huipokea, huikaza na kuirudisha. Bila ya hivyo kuti la juu hupeperuka kwa upepo wa kwanza. Jaribu aliipenyeza kamba. Ilitokea upande wa pili, ikaning'inia mbele ya Nyange. Sote tuliokuwa chini tuliitazama. Nyange naye aliitazama, kisha akaishika, akaikaza, akairudisha.

Walishona mgongo mzima hivyo, toka ncha ya mashariki hata ya magharibi, wamekabiliana uso kwa uso, na hawakusemezana. Jaribu akivuta, Nyange alilegeza. Nyange akivuta, Jaribu alilegeza. Walipofika mwisho kila mmoja aliteremkia upande wake.

Sitakuongezea kisichokuwapo. Tuliandaa sinia, wakaomba kila mtu apewe wali wake aende nao kwao, nasi tukawapa. Jaribu bado anasali msikiti mdogo. Nyange bado hanunui chumvi duka lile. Chuoni watoto watatu wa mtaa wa chini hawajarudi tangu nilipoonekana kwa Jaribu. Nafasi zao jamvini sijamketisha mtu.

Mabati nayo yana habari. Nyange alikuja kuniomba manane kwa banda lake la mbuzi. Jaribu alipata habari kabla Nyange hajafika njiani, akaja kuomba manane kwa banda lake la mbuzi. Nimewagawia sawasawa. Mbuzi wa Konde sasa wanalijua joto la bati walilokuwa wakilisikia kwa wenye maduka. Fedha uliyokopa nitakurudishia kwa karafuu za mwaka huu, inshallah. Usiione nzito, wala usiache kazi.

Bwana wako aliuliza bei. Mwambie kwamba makuti na wali vilikuwa rahisi. Kilichokuwa ghali ni mwendo wa kutoka mlango wangu hadi mlango wa Jaribu, nami niliuchelewesha mpaka mama yako akaulipia sehemu yake kwa kifua. Akiona jibu hilo si la hesabu, mwambie ndilo lililoko.

Kitanda kimerudi mahali pake, chumba cha kati. Alasiri jua likiwa kali mno mimi nami hujitia kudurusu Msahafu huko, kwa kuwa ndiko kwenye ubaridi. Kikohozi kimempungua. Halali usiku kucha, ila hulala.

Yuko hapa ubavuni, ananiambia niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiyapambe. Anasema: "Mwambie mwanangu asilete bati tena. Alete blanketi, lile zito la Tanga, kwani kukicha naona baridi."

Wasalaam,
Baba yako,
Kificho bin Pandu